Ufw inazuia folda ya Samba, nifungue nini?

Wakuu, habari. Ofisi iko Kirumba, karibu na mwalo. Seva ya Ubuntu inatunza faili za mizani ya samaki kwa Samba (programu ya kushirikisha folda na Windows). Nikiwasha ufw (ukuta wa moto wa Ubuntu), kompyuta za Windows hazifungui folda, nikiizima, zinafungua.

Jibu: Usiizime, mkuu. Kama unaiendesha kwa mbali, ruhusu SSH (njia ya kuingia seva kwa mbali) kwanza, la sivyo utajifungia nje:

sudo ufw allow 22/tcp
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 445 proto tcp

Hiyo 192.168.1.0/24 weka ya mtandao wenu; itazame kwa `ip a`. Wengi hukwama hapo hapo.

Jibu: Nakazia: 445 ni poti ya Samba, usiandike "allow 445" tupu bila kutaja mtandao, wala usiifungue kwenye ruta. Kirusi cha WannaCry cha 2017 kilisambaa kupitia poti hiyo.

Jibu: Pima kutoka Windows, kwenye PowerShell (192.168.1.10 ni mfano, weka anwani ya seva yako):

Test-NetConnection 192.168.1.10 -Port 445

Ikileta True na folda bado inagoma, ukuta hauna kosa. Huenda mtumiaji hajasajiliwa Samba: `sudo smbpasswd -a jina`. Kisha fungua \\192.168.1.10\mizani, usisubiri jina la seva lijitokeze lenyewe.

Muuliza: Imekubali, wakuu. Mtandao wetu ni 192.168.8.0/24, nilikuwa nimenakili 192.168.1.0/24 ya mfano.