Naomba ushauri: "vice" ya Kiingereza nifundishe vipi?

Ndugu zangu, nafundisha Kiingereza mafundi vijana hapa Lubumbashi. Neno "vice" linawatesa kweli. Kwa Kifaransa tayari wanalijua kama tabia mbovu, ulevi au kamari, na maana ya makamu, kama makamu wa rais, haiwasumbui. Taabu ni jiliwa, ile tunaita eto, chuma kilichofungwa mezani cha kubana bomba ukilikata. Uingereza huandika "vice", Marekani "vise". Asili zote ni Kilatini, lakini tofauti: vitium ni kasoro, vicis nafasi ya mwingine, vitis mzabibu, maana skrubu hujisokota kama mzabibu. Niwaeleze hayo, ao nitawachanganya zaidi? Na tahajia, nianze na ipi? Wengi wanatafuta kazi migodini. Walimu wenzangu, nisaidieni.