Bam Margera: Jackass walimfukuza kwa haki, au walimtumia wakamtupa?

Kidau
Wakuu, naomba hili tulijadili lenyewe, maana juzi kwenye habari za filamu liliguswa likaachwa njiani. Bam Margera ni yule kijana wa West Chester, Pennsylvania, aliyeanza na skeitibodi na video za CKY, yeye na wenzake wakijirekodi. Mwaka 2000 akaingia Jackass pale televisheni ya MTV, kipindi cha vijana wanaofanya vituko vya hatari na kuumizana mbele ya kamera ili watu wacheke, kisha akapewa kipindi chake mwenyewe, Viva La Bam, 2003 hadi 2005. Filamu ya kwanza ya Jackass, ya 2002, ilitengenezwa kwa dola milioni 5 ikarudisha zaidi ya milioni 70. Watu walilipa kuona fujo, na Bam alikuwa bingwa wa fujo.

Ikaja filamu nyingine, Jackass Forever. Safari hii anaambiwa kuna mkataba: atapimwa kila mara kama ametumia pombe au dawa za kulevya, atameza dawa alizopangiwa, akiteleza anatoka. Akatolewa. Agosti 2021 akawashtaki Johnny Knoxville, nyota mkuu wa Jackass, mtayarishaji Spike Jonze, mwongozaji Jeff Tremaine na kampuni ya filamu ya Paramount, akidai kilichoonekana kwenye kipimo ni Adderall, dawa ya kusaidia umakini, aliyoandikiwa na daktari. Filamu ikatoka Februari 2022, yeye anaonekana kidogo mno. Aprili mwaka huo huo kesi ikaisha kwa makubaliano.

Swali langu: mtu aliyetajirika kwa wazimu wako ana haki gani ya kukudai utulivu ndipo akulipe? Mimi nasema hawakumtendea haki.

MwanaPangani
Kidau, unawaonea. Masharti yale yaliwekwa na watu waliokwisha kumzika mwenzao. Ryan Dunn alikufa Juni 2011 kwa ajali ya gari, kalewa, mwendo wa kutisha, na Bam alikuwemo humo humo garini akanusurika. Ningekuwa Knoxville na mimi ningempima. Asiyetaka kupimwa abaki kwao.

Na tuseme ukweli wote. Mtu aliyekuwa akimpiga baba yake mzazi, hata mzee akiwa usingizini, ili watu wacheke, mlitegemea aishie wapi? Hayo ni mambo ya radhi. Hakuna cha Paramount hapo.

Fundi Redio
Bam hakuwemo kwenye lile gari. Dunn alikuwa akiendesha Porsche yake, ubavuni kakaa mtu waliyefanya naye kazi ya filamu, wote wawili wakafa. Pombe kwenye damu yake ilipimwa 0.196, na kikomo kule ni 0.08. Bam alifika mahali pa ajali baadaye, akalia mbele ya kamera za televisheni. Hata siku ile ya msiba kamera ilikuwepo, na hilo peke yake lingetosha kutufikirisha.

Kuhusu radhi: Phil na April, wazazi wa Bam, walikuwa wahusika wa kipindi kama wengine, majina yao yanapita mwanzoni pamoja na ya mtoto wao. Baba anapigwa, anainuka, anacheka, kesho yupo tena. Mzazi asiyenung'unika atamwachiaje mtoto laana?

MwanaPangani
Habari za gari si hoja yangu. Hoja yangu ni mzee kupigwa. Kwa hiyo mtu akilipwa, baba anageuka ngoma? Fundi, wewe baba yako akipewa pesa na mzungu mwenye kamera utamzaba kofi? Jibu hilo kwanza.

Shangazi Halisi
Mimi kilichonikera si baba, ni mama. Kwenye filamu ya 2002 kuna kipande ambacho mpaka leo sijakisamehe. April anarudi nyumbani, anaingia jikoni kwake, anamkuta aligeta sakafuni. Mzima kabisa, anatambaa. Kisa ni kwamba mwanawe anataka mama atoe tusi moja tu mbele ya kamera, kwa sababu mama si mtu wa matusi. Mwanamke anapiga mayowe jikoni kwake mwenyewe na wanaume wazima wamejificha wanakufa kwa kicheko. Filamu hiyo hiyo wanalipua fataki chumbani kwa wazazi wakiwa wamelala. Mnaniambia ni kazi ya sanaa. Haya.

Fundi Redio
Shangazi, aligeta hakujileta. Kuna aliyemleta, kuna aliyeshika kamera, kuna aliyekata picha akaona inafaa kwenda sinema. Bam alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Waliokuwa wakisema ongeza walikuwa wakubwa wenye ofisi. Na kofi la baba yangu sijibu, si la mjadala huu.

MwanaPangani
Hujajibu kwa sababu jibu unalijua.

BintiMkunazini
Naomba suala la radhi tuliache, nawaomba kwa heshima. Nina kaka yangu tumbo moja, hajawahi kumwinulia mzazi hata sauti. Yeye ndiye aliyekuwa akimbeba bibi kumtoa nje kuota jua. Alipoanza kutumia, na arosto zilipomkamata, watu wa mtaani wakasema hivyo hivyo, huyu kakosa radhi. Mama akaacha kwenda shughulini kwa aibu. Tulimpeleka soba hausi, akatoka, akarudi, akatoka tena. Ule ni ugonjwa. Bam mwenyewe alishasema hadharani kwamba mbali na pombe ana tatizo la kula na kujitapisha. Hayo nayo ni radhi?

Nikirudi kwenye swali la Kidau, sharti mimi nalikubali. Soba hausi kuna masharti: simu inachukuliwa, alfajiri unaamshwa, ukikutwa umetumia unawajibishwa. Lakini yule msimamizi hakumtoa kaka yangu kwenye televisheni, wala hana tiketi za kuuza. Anayekuwekea sharti la kupona na anayepata faida kwa kukutumia wasiwe mtu yule yule. Hapo ndipo pana kasoro ya mkataba ule.

MwanaPangani
Dada, pole kwa kaka yako, lakini usiwaseme watu wa mtaani kana kwamba hawana maana. Mimi pia ni mtu wa mtaani. Mtaa ndio unaomrudisha mtu aliyelewa akalala mtaroni. Huko Marekani alikuwa na jumba na mawakili, mtaa hakuwa nao, ona yaliyompata.

Fundi Redio
Mbona hamumtaji Steve-O, mwenzao wa Jackass? Yule alikuwa amekwisha kabisa, madawa ya kila namna. Machi 2008 Knoxville na wenzake walimpeleka hospitali kwa nguvu, akakasirika, akatibiwa, na tangu hapo hajagusa pombe wala unga. Jackass Forever yumo, mzima wa akili. Marafiki ni wale wale. Aliyekubali kushikwa kapona.

Kidau
Fundi, umenisaidia bila kutaka. Machi 2008 hakukuwa na filamu mezani, ile iliyofuata ilitoka 2010. Walimshika Steve-O kama ndugu. Bam walimshika kukiwa na tarehe za kupiga picha na bima ya kulipia. Ndicho anachosema BintiMkunazini na hakuna hata mmoja aliyemjibu.

MwanaPangani
Tatizo ni mchezo wenyewe. Kuruka ngazi na kaubao si kazi ya mtu mzima. Ukifika arobaini magoti yamekwisha, ufundi mwingine huna, kinachobaki ni chupa. Hata bila Jackass angefika hapo hapo.

Ubao wa Kitintale
Nilikuwa nasoma tu, lakini hapo umenigusa. Mimi ni wa Kitintale, Kampala. Uwanja wetu wa skeiti vijana wa pale pale walikoroga saruji kwa mikono yao, hakuna waziri aliyekuja kukata utepe. Njoo uone watoto wanaotoka shule wanakwenda wapi badala ya kukaa vijiweni. Mchezo huu unakufundisha kuanguka mbele za watu, kuinuka na kujaribu tena bila kumlaumu mtu.

Na mnamzungumzia Bam kama mchekeshaji aliyeshika ubao kwa bahati mbaya. Alikuwa skeita wa kulipwa na kampuni za mbao za skeiti, Toy Machine kwanza, kisha Element kuanzia 2001, na mwaka huo huo akawemo kwenye mchezo wa kompyuta wenye jina la bingwa wa skeiti Tony Hawk, wa tatu. Sisi wengine tulimjua kwa huo kabla ya kujua ana kipindi. Mwaka 2025 mchezo ulipotengenezwa upya alirudishwa. Waliompokea ni watu wa skeitibodi, si watu wa televisheni. Na Tony Hawk, aliyezaliwa 1968, bado anapanda ubao, kwa hiyo habari za magoti peleka kwingine.

MwanaPangani
Sijasema Kitintale. Nimesema mtu mzima.

Ubao wa Kitintale
Mimi ni mtu mzima na nina familia.

Shangazi Halisi
Jamani, ya saruji na magoti yawekeni kando. Kidau, kuna kitu hukukiweka kwenye maelezo yako ya mwanzo na naamini unakijua. Mwaka 2021 Tremaine alikwenda mahakamani, akasema anatishiwa yeye na familia yake, akapewa amri ya miaka mitatu Bam asimsogelee. Unawezaje kuuliza kama walimtendea haki ukalificha hilo? Mtu anayetishia watu wa nyumbani kwako utamrudisha kazini?

Kidau
Shangazi, sijaficha, na neno kuficha naomba ulifute. Amri ile ilitoka Bam akiwa ameshafukuzwa. Vitisho, kama vilikuwepo, vilitoka kwa mtu aliyekwisha kukatwa riziki na kutengwa na rafiki zake kwa mpigo. Haviwezi kuwa sababu ya kitu kilichotangulia. Leta kosa lililofanyika kabla ya kufukuzwa, tulipime.

Shangazi Halisi
Silifuti. Tarehe unazijua vizuri, watoto wa Tremaine umewapita kama hawapo. Niambie kwanza wewe ungefungua mlango?