Beetle ya 1971 imeliwa na kutu: siki, umeme, mchanga, au nikate bati?

boksa_nne
Habari za humu wakuu. Nina Volkswagen Beetle ya 1971, injini ya 1300. Injini inazunguka kwa mkono bila kukwama, kwa hiyo hiyo tuiache kwa leo. Kilichonileta ni bodi.

Hali iko hivi. Madigadi zote nne zina kutu ya juu juu, ukigonga bado zinalia chuma. Vitu vidogo kama bawaba, vishikio vya bampa na ngoma za breki vimekuwa vyekundu kabisa. Sakafu chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, pale betri inapokaa, ina tundu la kupitisha ngumi. Na lile boksi la pembeni upande wa kushoto, lile linalopitisha hewa ya moto chini ya mlango, nimelichoma kwa bisibisi likaingia kama kwenye mkate.

Nafanyia kazi nyumbani, jioni, umeme wa kawaida. Nimeambiwa na watu mbalimbali: loweka kwenye siki, tumia molasi, tumia chaja ya betri, piga mchanga, paka dawa ya kugeuza kutu, kata weka bati jipya. Kila mmoja anaapa kwa njia yake. Nyie mliopita huko mnachagua vipi?

spana_kumi
Karibu mkuu. Umeuliza swali moja lakini una magari matatu hapo. Kuna kutu iliyokaa juu ya chuma kizima, kuna kutu iliyochimba vishimo, na kuna mahali ambapo chuma hakipo tena. Hilo la tatu halina dawa ya kupaka wala ya kuloweka. Tundu la betri na hilo boksi la kushoto yaondoe kwenye hesabu ya siki na umeme sasa hivi, hayo ni ya grainda na mashine ya kuchomelea.

Kwa vitu vidogo, siki ya kawaida inatosha sana. Toa grisi yote kwanza, maana asidi haipiti kwenye mafuta. Tumbukiza asubuhi, kesho yake sugua kwa brashi. Usikisahau kitu humo wiki nzima, kwa sababu ikishamaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Ukitoa, suuza kwa maji yenye soda ya kuokea kidogo ili kuua asidi, kausha kwa joto, paka mafuta au praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) palepale. Ukienda kula kwanza, utarudi ukute imeshaanza kuwa ya machungwa.

Molasi inafanya kazi kwa upole zaidi: sehemu moja ya molasi kwa tisa au kumi za maji, wiki moja hadi mbili. Haili chuma kizuri kama siki. Ila inanuka, na majirani watakujua. Halafu usitie kitu cha alumini wala kabureta humo, vitaharibika.

Zaituni_Grisi
Kaka boksa, ukiwa na chaja ya betri ya volti 12, siki waachie wengine. Mimi kwa ngoma za breki na vishikio vya bampa natumia umeme na siwezi kurudi nyuma.

Ndoo ya plastiki, maji, soda ya kufulia kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Hasi ya chaja kwenye kitu unachotaka kipone. Chanya kwenye kipande cha chuma cha kutupa. Visigusane. Ukiwasha utaona mapovu madogo yanapanda kwenye kitu chako, na baada ya saa kadhaa kutu inageuka tope jeusi linalotoka kwa brashi ya kufulia. Uzuri wake ni kwamba chuma kizima hakiliwi, hata ukisahau usiku kucha. Umeme unashughulika na kutu tu.

Sasa mambo ya kuua mtu, msiyapuuze:

Hayo mapovu kwenye kitu chako ni hidrojeni, gesi inayolipuka. Fanyia nje au mlango wazi, na zima chaja ukutani kabla hujagusa vibanio, cheche moja inatosha. Chuma cha kutupa kisiwe kile kisichoshika kutu, kwa sababu kinaachia kromiamu yenye sumu kali ndani ya maji. Na msiweke chumvi badala ya soda, inatoa klorini.

Inafanya kazi vizuri pale chuma cha kutupa "kinapokiona" kitu chako. Kwa hiyo ngoma ya breki igeuze geuze, au zungushia vipande vya chuma pande zote.

mkata_bati
Dada Zaituni nakubaliana nawe, niongeze moja: springi na bolti ngumu za kusimamishia gari usizitie kwenye umeme wala kwenye asidi. Hidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kivunjike ghafla bila kukunjika kwanza. Brashi ya waya na subira, au nunua mpya.

Mzee_wa_Nyundo
Vijana, mchanga mnauruka kwa nini? Madigadi nne unazimaliza mchana mmoja, na ndani ya vishimo panakuwa safi kuliko brashi yoyote. Brashi ya waya kwenye grainda inadanganya: inang'arisha vilima, kutu inabaki imelala kwenye mabonde, unapaka rangi juu, mwaka unaofuata inachungulia.

spana_kumi
Shikamoo mzee. Sikuuruka, niliogopa kumpa mgeni. Mchanga kwenye bati pana na tambarare kama paa au boneti, presha ikiwa kubwa, bati linavimba na kuyumba na halirudi. Madigadi za Beetle zimejikunja kote kwa hiyo zinavumilia. Paa, hapana.

Mzee_wa_Nyundo
Marahaba. Hapo umesema kweli. Presha ndogo, simama mbali, piga kwa mshazari, usikae mahali pamoja. Na mchanga wa mtoni usitumieni kabisa. Vumbi lake likiingia kwenye mapafu haliondoki, na ugonjwa wake hauna tiba. Tumieni ganeti (chembe za jiwe gumu) au shanga za kioo, na barakoa ya kweli, si kitambaa.

Jambo jingine la Beetle peke yake. Ule mgongo wa katikati ya sakafu ni bomba tupu lenye fimbo ya gia, kebo ya klachi, kebo ya pedali ya mafuta na bomba la petroli ndani yake. Ukipiga mchanga sakafu bila kuziba kila tundu la mgongo huo, chembe zitaingia humo na kebo zitasaga kila ukibadili gia. Kuzitoa ni kazi ya kumtia mtu wazimu.

boksa_nne
Ahsanteni sana. Shikamoo mzee. Kwa hiyo dawa ya kugeuza kutu ndiyo ya kutupa?

Zaituni_Grisi
Si ya kutupa, ni ya kuweka mahali pake. Hizo dawa ni asidi ya fosfori au tanini. Zinakutana na kutu zinaigeuza kuwa kitu cheusi kilichotulia. Maana yake zinahitaji kutu ndipo zifanye kazi, ukipaka kwenye chuma kinachong'aa unapoteza dawa. Na hazifiki chini ya magamba manene. Mimi nazitumia kwenye vishimo vilivyobaki baada ya kusugua sana, basi.

Usiimimine ndani ya viungo vya bati mbili zilizobanwa pamoja. Inaingia katikati, haitoki, na kutu inaanza upya kutokea ndani. Hiyo hiyo ndiyo sababu madigadi unaweza kuloweka lakini mlango mzima usiloweke kwenye asidi. Soma pia kopo la praima yako: praima nyingi za epoksi hazishiki vizuri juu ya mabaki ya asidi ya fosfori.

nusu_injini
Mimi nilikuja kusoma tu, sasa natazama bawaba za geti la nyumbani kwa jicho jingine.

boksa_nne
😂 Haya, sasa kwenye kukata. Nikate nusu sakafu nzima ya kulia niweke mpya, au nikate mraba pale kwenye betri nizibe? Na je, nianze na sakafu au na boksi la kushoto?

mkata_bati
Kiraka au nusu nzima: chukua nyundo ndogo, gonga kuanzia tundu kwenda nje, sentimita kwa sentimita. Mlio mkavu unakoishia na mlio wa chuma unakoanzia ndipo pa kukata, na uongeze kidogo. Tundu la ngumi mara nyingi likishagongwa linakuwa la sahani. Likiishia kwenye eneo la betri tu, kiraka chenye pembe za mviringo kinatosha, pembe kali ndiyo ufa unakoanzia. Likifika ukingo ambapo bodi imefungwa kwa bolti, usihangaike na viraka, weka nusu sakafu nzima.

Bati la milimita 0.8 au 1, mashine ya MIG (ya kuchomelea kwa waya unaotoka wenyewe) yenye waya wa milimita 0.6. Ile ya vijiti vya kawaida itakutobolea matundu zaidi ya kutu. Choma nukta, ruka upande wa pili, choma nukta, ruka, acha ipoe. Ukivuta mshono mrefu kwa pupa bati litajikunja kama jani kavu.

Kuhusu mpangilio, mimi naanza na sakafu siku zote. Sakafu ndiyo msingi, boksi linakaa juu yake. Ukiwa na msingi uliooza utapima kutoka wapi?

Mzee_wa_Nyundo
Hapa sikubaliani nawe kwa gari hili. Soma alichoandika: sakafu imetoboka kwenye betri, upande wa kulia. Boksi bovu ni la kushoto. Kama matundu ya bolti za ukingoni upande wa kushoto bado mazima, sakafu hiyo ya zamani ndiyo kipimo bora alicho nacho, kiwanda kilimtobolea. Aiache palepale, bodi ibaki imefungwa kwa bolti zake, abadilishe boksi kwanza likilala kwenye matundu yale yale. Tundu la betri atakuja kulishughulikia baadaye.

Hilo boksi watu hulichukulia kama bomba la hita. Lakini hilo ndilo linaloshika gari lisijikunje katikati. Ukilikata bila kushikilia, nguzo ya mbele na nguzo ya nyuma za mlango zinasogeleana, milimita chache tu, na mlango haufungi tena. Wengine wamemaliza rangi ndipo wakagundua.

mkata_bati
Mzee nimekusoma. Kama ukingo wa kushoto mzima, nakubali, boksi kwanza. Kama ukingo umeoza, narudi kwenye msimamo wangu.

Mzee_wa_Nyundo
Na mimi pale nitakuwa upande wako.

Basi boksa, kabla ya kuwasha grainda: chomelea bomba la mraba kutoka nguzo ya bawaba hadi nguzo ya kitasa, na jingine kutoka nguzo ya mlango wa kushoto hadi nguzo ya mlango wa kulia. Yakae kwa ndani, ili mlango uweze kufungwa yakiwa bado yapo. Mlango usiutoe. Uache kwenye bawaba zake, upime mwanya wake juu, chini na pembeni, uandike kwa chaki kwenye bati lenyewe. Halafu unakata, unabana boksi jipya kwa bolti na vibanio, unafunga mlango. Mwanya ule ule? Choma nukta chache. Funga mlango tena. Kila baada ya nukta chache unafunga mlango. Inachosha, lakini hakuna kifaa cha kupimia kinachoshinda mlango wenyewe.

Ndani ya boksi jipya paka praima ya zinki pale bati zinapokutana kabla ya kuchoma, na gari likishakwisha mwagia nta ya ndani kwa mrija mrefu. Boksi lile lilioza kutokea ndani, si nje.

spana_kumi
Na puti? Maana najua swali linakuja.

mkata_bati
Puti, ule udongo wa kupaka kabla ya rangi, ni ya kulainisha, si ya kuziba. Inanyonya maji kama sponji, na praima ya kawaida nayo inapitisha unyevu. Chuma safi, praima ya epoksi, puti nyembamba juu yake, halafu msasa na mengine. Ukiona sumaku haishiki kwenye gari la mtu, ujue kuna kilo za puti chini ya rangi.

boksa_nne
Nimegonga jioni hii. Ukingo wa kushoto bolti zote zinakaa kwenye chuma kizima, kwa hiyo naenda kwa njia ya mzee. Tundu la betri limekuwa la sahani kama ulivyosema mkata_bati, ila halijafika ukingoni. Vitu vidogo tayari viko kwenye ndoo ya dada Zaituni. Chaja yangu ya kisasa lakini inakataa kuwaka, inasema hakuna betri.

Zaituni_Grisi
Chaja za kisasa hukataa zisipohisi betri. Azima ya zamani, ile nzito yenye mshale. Au unganisha betri katikati: chaja kwenye betri, betri kwenye ndoo. Ukifanya hivyo weka fyuzi kwenye waya, maana betri haina huruma vyuma vikigusana.

nusu_injini
Swali la mwisho kutoka kwa msomaji: kwa nini sakafu ya kulia pekee ndiyo huoza pale nyuma? Niliona nyingine mbili ziko vilevile.

Mzee_wa_Nyundo
Asidi ya betri. Inachuruzika kidogo kidogo, mtu hainui kiti kutazama. Na boksa, ukimaliza kiraka hicho hakikisha kifuniko cha betri kipo. Kiti cha nyuma cha Beetle kina springi za chuma. Abiria mzito akikaa, springi zinashuka zinagusa vichwa vya betri, na pedi ya kiti ni nyuzi kavu. Gari nyingi zimeungua hivyo zikiwa zimeshapakwa rangi mpya. Na betri hiyo iwe imetoka nje ya gari siku zote unazochomelea, tangi la petroli nalo litoe pale mbele ukalihifadhi mbali.

boksa_nne
Kifuniko hakipo. Nakiongeza kwenye orodha kabla ya rangi.