Naomba ushauri: ganda la nibu ya Parker 51 limepata ufa

Wakuu, habari zenu. Nina kalamu ya wino, Parker 51, aliyoniachia babu. Wino ulikuwa hautoki vizuri, nikaamua kuifungua niisafishe. Ganda la mbele linalofunika nibu (ncha ya kuandikia) huwa limeshikizwa kwa shelaki, aina ya gundi, na shelaki hulainika kwa joto. Mimi nikawa na haraka, nikalizungusha kabla halijapata joto la kutosha. Nikasikia "tik". Sasa kuna ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye nyuzi za kuzungushia, pale linapofungia, hadi karibu nusu ya ganda. Nikiandika, wino unapenya hapo na kidole cha shahada kinabaki cha bluu. Imeniuma sana.

Supagluu naiogopa: ikishuka ndani itaziba yale mapezi membamba yanayoshikilia wino, na hapo kalamu ndiyo imekwisha. Nafahamu akriliki, plastiki ya ganda hili, huungwa kwa kimiminika kinachoyeyusha kingo kidogo zikashikana zenyewe. Kuna aliyewahi kukitumia kwenye ufa mdogo namna hii? Na ufa ulioshaingia wino nausafishaje kwanza? Au nitafute tu ganda jingine? Ningependa sana kubaki na hili hili alilolishika babu.