Jeni ya kirusi imewaka bila kuamshwa: nani atangulie kwenye majina?

Mlalahoi_Maabara: Wakuu, naombeni ushauri, silali. Niko masters, nashughulika na herpesi ya binadamu namba 8, kile kirusi cha saratani ya Kaposi, ile ya madoa ya ngozi. Ndani ya seli za BCBL-1 (seli za saratani zinazokuzwa maabara) huwa kimelala, jeni chache tu ndizo zinafanya kazi, mfano LANA. Ukitia TPA, kemikali ya kukiamshia, ndipo kinaamka. Sasa mimi napata ORF26, jeni ya ganda lake, kwenye seli ambazo sijazitia kitu! Kwenye majina ya waandishi wa bango atangulie nani, mimi au msimamizi?

Kijogoo_wa_Pwani: Herpesi? Kwanza mwambie shemeji ukweli.

Mama_Zawadi: Msimtanie mwanangu. Mjomba wangu alitoka madoa mguuni miaka ya 80, tukazunguka kwa waganga mpaka Sumbawanga. Kirusi chenyewe kimekuja kujulikana 1994. Mwalimu wako atangulie, ndiyo heshima.

Fundi_Pipeti: Mkuu, BCBL-1 siku zote zina seli chache zinazojiamsha, hilo si jipya. Tena ORF26 haina intoni (kipande cha jeni kinachokatwa RNA inapokomaa), kwa hiyo DNA iliyobaki kwenye RNA yako itatoa mstari wa urefu uleule kwenye jeli. Kontroli, ile sampuli isiyo na enzaimu ya kugeuza RNA kuwa DNA, ambayo haitakiwi kutoa mstari, ilisemaje?

Mlalahoi_Maabara: Jeli ilitoka safi, mkuu.

Fundi_Pipeti: Sijauliza jeli. Kontroli.

Mlalahoi_Maabara: Nayo ilitoa mstari. Hafifu lakini. Nikaukata kwenye picha maana bango ni dogo. Ikisiri nimeshatuma juzi. Na picha kila mtu anakata, tusidanganyane.

Kijogoo_wa_Pwani: 😂 Kauza mbuzi, mguu mbovu kauficha.

Fundi_Pipeti: Rudia, safisha kwa enzaimu inayokula DNA. Kisha pima ORF50, jeni yenye intoni, praima (vipande vya DNA vya kuwekea mipaka ya kinachopimwa) zikae pande mbili za intoni. Ya RNA itakuwa fupi kwa besi 900 na ushee, utaitofautisha na DNA kwa macho.

Mpekuzi: Ngojeni. Huyu mwezi uliopita alikuwa jukwaa la ufugaji, yuko Iringa, kuku 200 wana kideri. Leo ana TPA? Hii chai.

Mlalahoi_Maabara: Kuku ni wa mama. Nilikuwa likizo.

Mama_Zawadi: Mlichanja? Wangu niliwadondoshea matone ya jicho, hakufa hata mmoja.

Fundi_Pipeti: Kuku baadaye. Weka picha nzima ya jeli.

Mpekuzi: Yupo hewani, namwona. Anaandika, anafuta.