Kuzima alamu bila kuamsha nyumba nzima: simu, saa ya mkononi au spika?

mlezi_wa_usiku

Wakuu, habari za humu. Naomba tulinganishe njia za kuzima alamu, maana yaliyonikuta leo alfajiri sitaki yajirudie.

Nina mtoto wa miezi 5. Alihangaika mpaka saa 9 usiku, akalala kifuani kwangu, nikamlaza polepole kama mtu anayeweka mayai. Saa 11 simu ikalia, nikaizima. Sijarudisha mkono, saa ya mkononi ikaanza kupiga kelele kutoka kwenye chaji juu ya kabati, na nakumbuka vizuri niliiweka kimya kabla ya kulala. Nikanyata kuifuata. Nilipoishika tu, spika ya chumbani nayo ikaanza, kwa sababu wiki kadhaa nyuma niliiagiza iniamshe kila siku, nikasahau. Mtoto akalia. Mama yake akaamka, na huo ulikuwa usiku wake wa pili bila usingizi wa maana.

Natumia iPhone, Apple Watch na spika ya Alexa, ile inayotii maagizo ya sauti. Wa Android nao wachangie, mke wangu anatumia Android. Nataka kujua: ipi inazimika haraka gizani, ipi ukiizima leo haikuachi umechelewa kesho, na kwa nini saa niliyoiweka kimya ililia?

saa_na_majira

Pole sana mkuu. Nianze na hilo la mwisho. Apple Watch ikiwa kwenye hali ya kimya na umeivaa, alamu inakugonga kwa mtetemo tu. Ila ikiwa kwenye chaji, hali ya kimya haizuii alamu wala kipima muda, inalia kama kawaida. Saa yako ni nzima, ndivyo ilivyopangwa.

Ukiilaza kwa ubavu kwenye chaji inageuka kuwa saa ya mezani. Ikilia hapo, kitufe bapa cha pembeni kinaizima, na kile cha duara kinachozunguka kinaiahirisha kwa dakika 9. Fanya mazoezi mchana, fumba macho na uvipapase mara 5 au 6 mpaka vidole vijue kipi ni kipi.

ratiba_kwanza

Kwenye simu tutenganishe mambo 3 ambayo wengi tunayachanganya: kuahirisha, kunyamazisha mlio wa leo, na kuzima alamu yenyewe.

iPhone ikilia ukabonyeza kitufe cha sauti au cha pembeni, umeiahirisha tu, kama uliruhusu kuahirisha. Mtu anarudi kulala akijua ameimaliza, baada ya dakika 9 kelele zile zile. Wenye iOS 26, yaani mfumo wa iPhone, wanaweza kubadilisha muda huo, kuanzia dakika 1 hadi 15. Kama hutaki kabisa irudi, fungua alamu hiyo uondoe ruhusa ya kuahirisha.

Kwenye Android, programu ya Saa ya Google inakuachia uamuzi. Ndani ya mipangilio yake unachagua vitufe vya sauti vifanye nini alamu ikilia: viahirishe, vizime, au viendelee kuongeza na kupunguza sauti. Mimi nimeviweka vizime. Mkono unaingia chini ya mto, kidole kinabana ubavu wa simu, kimya. Sifungui jicho, mwanga wa skrini haunipigi usoni. Kwa swali lako la gizani, hapo Android naipa ushindi.

Kuhusu kesho, hapa ndipo watu wanapopotea. Ukizima swichi ya alamu inayojirudia kwenye iPhone, inabaki imezimwa mpaka uiwashe mwenyewe. Umeamka mapema Jumatatu, ukaizima ili isisumbue, basi Jumanne hakuna wa kukuamsha. Dawa yake ni kutumia ratiba ya usingizi iliyo kwenye programu ya Afya, ile inakuruhusu kubadilisha asubuhi inayofuata peke yake. Programu ya Saa ya Google yenyewe inakutumia arifa kabla ya alamu kufika. Ukiiondoa hapo, unaondoa ya siku hiyo tu, na ya kesho inabaki palepale.

zamu_ya_asubuhi

@ratiba_kwanza umesema kweli, ila ongeza hili. Niliwahi kuchelewa zamu kwa sababu niliwasha Usinisumbue, ile hali inayonyamazisha simu, kwenye Android nikiwa nimekwisha kuizuia alamu humo ndani. Kwa kawaida Usinisumbue inaruhusu alamu zipite, lakini inakubali kubadilishwa, na mimi niliibadilisha siku moja ya mapumziko nikasahau. Niliamka jua limeshapanda dirishani. Niliangalia simu, alamu iliandikwa imewashwa, na haikutoa hata sauti. Msimamizi wangu hakuniamini mpaka leo.

iPhone haina mtego huo. Hata ukiweka swichi ya kimya au hali ya kutosumbuliwa, alamu ya programu ya Saa inalia. Mtego wake uko kwenye sauti: alamu inafuata sauti ya mlio wa simu, ukiipunguza mno hutaisikia. Kwa hiyo anayesema simu ni simu, hapana, hizi mbili hazifanani.

mama_mapacha

Kaka mlezi, mimi nina wawili, nakuelewa kabisa. Zima vyote, vaa saa. Alamu iweke kwenye saa yenyewe, isiwe ya simu, kisha saa iwe kimya. Inakugonga kifundoni, gong, gong, unaigusa, umeamka peke yako. Hata bandi za Fitbit zinaamsha kwa mtetemo, si lazima iwe saa ya bei kubwa.

Kitu kimoja tu: chaji uifanye jioni, wakati unaogesha mtoto. Ukiiacha kwenye chaji usiku unarudi kulekule kwenye kabati.

zamu_ya_asubuhi

Dada, kwa mwenye usingizi mzito saa haitoshi. Mimi naizima nikiwa bado nimelala na sikumbuki chochote. Akili huchukua muda kuamka hata kama mkono umeshafanya kazi. Mtu wa hivyo simu iwe mbali, anyanyuke kuifuata.

mama_mapacha

Hilo nalikubali. Ila yeye ameshasema kilichomwamsha mtoto ni vitu vilivyokuwa mbali naye.

sauti_ya_ndani

Spika nimetumia za aina zote mbili. Alexa unaiita kwanza kisha unasema "stop". Ya Google, alamu ikilia, neno "stop" peke yake linatosha, huna haja ya kuiita. Kwa mwenye mikono michafu jikoni au mwenye ulemavu wa mikono, hakuna kinachozidi hapo.

Lakini kwa chumba chenye mtoto aliyelala, spika naiweka mwisho kabisa. Ili uizime lazima useme, na ili ikusikie juu ya mlio wake lazima upaze sauti. Ukiwa umezima maikrofoni ndiyo hivyo tena, haikusikii kabisa. Echo, yaani spika ya Alexa, ina kitufe cha nukta juu, kile kinazima alamu. Nest Mini ya Google unagonga katikati, juu.

Na kumbuka alamu ya spika inakaa kwenye spika. Kuzima ya simu hakuigusi. Fungua programu yake, nenda kwenye alamu, utaziona zote kwa kila kifaa. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza nilikuta 4 ambazo hakuna aliyekumbuka ni za nini.

mgeni_humu

Samahani kuingilia. Mimi kilichonishinda ni kile kitambuzi cha moshi cha darini. Kinatoa "pii" moja fupi kila baada ya muda, tena usiku tu. Nimefikiria kukitoa betri niendelee kulala. Kuna njia nyingine?

mlinda_moto

Ndugu yangu, usikitoe betri ukalala. Nakuomba.

"Pii" moja fupi kila baada ya sekunde 30 hadi 60 ni betri inayokaribia kuisha. Inakuja usiku kwa sababu nyumba inapopoa betri dhaifu inapungua nguvu zaidi, mchana joto likirudi inajikaza. Weka betri mpya leo. Kama ni kile kisichofunguliwa, kinabadilishwa chote. Kigeuze usome tarehe ya kutengenezwa nyuma yake: kikifikisha miaka 10 kinatoka hata kama kinalia vizuri.

Kikilia mfululizo kwa ajili ya moshi wa kikaangio, na umeuona moto uko wapi, kuna kitufe cha kukituliza kwa dakika chache. Fungua madirisha, kisha kitarudi kazini chenyewe. Ila milio 3, kituo, milio 3 tena, na hujui moshi unatoka wapi, toka na watu wako. Na milio 4 kwa mpigo kutoka kwenye kitambuzi cha kaboni monoksaidi, usitafute kitufe. Hewa hiyo ni sumu, haina rangi wala harufu, hutaiona. Toka nje kwanza, ukiwa nje ndipo upige simu ya dharura.

mgeni_humu

Asante sana. Nimekigeuza, kina miaka 13. Kesho nabadilisha.

saa_na_majira

Kidogo tu kwa wenye saa ya mkononi ya Casio F-91W inayolia kila saa usiku: kitufe cha chini kushoto mara 1, kisha bonyeza cha kulia mpaka alama ya kengele itoweke. Imekwisha.

mlezi_wa_usiku

Nimefuta alamu 2 za spika. Moja ni ile, nyingine ilikuwa ya saa 7 mchana wa Jumapili, hata sijui ilitoka wapi. Ya simu nimeiacha saa 11 na dakika 20 kama akiba, naizima nikishasimama, ila kwa ratiba ya usingizi kama alivyosema @ratiba_kwanza ili ya kesho isipotee. Saa ya mkononi nimeichaji wakati wa kumwogesha mtoto. Nitawaambia kesho.

mlezi_wa_usiku

Saa 11 na dakika 2. Imenigonga kifundoni, nimeigusa, nimetoka. Nawaandikia niko jikoni na mlango nimeurudisha. Mpaka sasa kule chumbani nasikia pumzi zao tu.