"At", "in" au "on": nichague kihusishi kipi katika sentensi hii?

Swali

Ndugu wasomaji, nawasalimu. Ninaandika barua ya kuomba kazi kwa Kiingereza na nimekwama kwenye sentensi moja, ambayo kwa Kiswahili ingekuwa "nimekuwa nikifundisha katika shule ya sekondari mjini Tanga tangu mwaka 2019". Niliandika "I have been teaching in a secondary school at Tanga from 2019", mwenzangu akaniambia kwamba vihusishi vyote vitatu vina walakini, ila hakuweza kunieleza sababu. Ningependa kuelewa kanuni yenyewe badala ya kukariri tu.

Jibu la kwanza

Ndugu yangu, ugumu huo chanzo chake ni lugha yetu wenyewe. Kiambishi "-ni" katika "mezani", "sandukuni" na "mlangoni" hakisemi kama kitu kiko juu, ndani au karibu, kwa kuwa msikilizaji huelewa kutokana na nomino yenyewe; Mwingereza hulazimika kuchagua "on the table", "in the box" na "at the door". Mwelekeo nao tunauweka kwenye kitenzi. Tunasema "ninakwenda sokoni", "ninatoka sokoni" na "niko sokoni" bila neno "sokoni" kubadilika hata kidogo, ilhali Kiingereza kinadai "to the market", "from the market" na "at the market".

Hata hivyo, kipimo tunacho. Unapoweza kusema "yumo", kwa maana kwamba mtu amezungukwa na mipaka ya mahali hapo, mara nyingi "in" ndiyo itakayofaa, na ndiyo maana mji, mkoa na nchi huchukua "in". Mahali unapopaona kama nukta tu, au kama pahali pa shughuli fulani, tumia "at". "On" ni ya kitu kilichogusa uso wa kingine. Kwa hiyo andika "in Tanga". Kuhusu shule, "at a secondary school" inapendeza zaidi, lakini "in a secondary school" si kosa, na hapo naona mwenzako alikuwa mkali kupita kiasi.

Jibu la pili

Naongezea upande wa wakati. "From" hutaja mwanzo, na kwa kawaida hudai mwisho wake pia, kama katika "I taught there from 2019 to 2023". Kazi yako bado inaendelea na kitenzi chako ni "have been teaching", hivyo unahitaji "since 2019". Ukitaja urefu wa muda, tumia "for": "for six years". Wengi wetu huandika "since six years" kwa sababu "tangu miaka sita iliyopita" ni Kiswahili sahihi kabisa.

Jihadhari pia na "kwa", maana hubeba kazi nyingi mno: "kwa basi" ni "by bus", "kwa kisu" ni "with a knife", "kwa siku tatu" ni "for three days". Kabla ya kuitafsiri, jiulize kama inataja chombo cha usafiri, kifaa au muda.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Sasa nimeandika "I have been teaching at a secondary school in Tanga since 2019". Katika aya inayofuata nina "we discussed about the new syllabus" na "the headteacher explained me the work". Je, ziko sawa?

Jibu la pili

Zote mbili zinahitaji marekebisho, tena ya kinyume. Sisi hujadili jambo au hujadili kuhusu jambo, lakini "discuss" hupokea jambo lenyewe moja kwa moja: "we discussed the new syllabus". Kwa upande mwingine, "alinieleza" imebeba mtendewa ndani ya kitenzi, nawe ukasahau kwamba Kiingereza hudai "to" hapo: "explained the work to me". Kagua na vitenzi vingine vya namna hiyo katika barua yako, kwa mfano "alinisikiliza", ambayo ni "listened to me", na "alinisubiri", ambayo ni "waited for me".